Bendera kwenye Ukurasa wa Mvua

Jumanne, 10 Februari 2026

Kasulu. Library imekubali! Ile ya JavaScript, msimbo ulioandikwa tayari na wenye huduma ya tafsiri mtandaoni. Mistari michache tu nami naingia kwenye API yao, mlango wa programu kuombana kazi. Utabiri wa mvua unakuja kwa Kiswahili, wao wanautafsiri, simu inausoma kwa sauti. Ukurasa huu wa mtandao nautengeneza kwa wakulima wa maharage wa ushirika wa Kibondo. Akina bibi wengi hawasomi, na Kiswahili wanakisikia nusu nusu. Wanataka Kiha.

Nikaomba Kiha. Jibu: lugha haijulikani. Haijulikani! Sokoni, kanisani, shambani, watu wanaisema kutwa nzima. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Jumatano, 11 Februari

Kirundi kipo. Nimechagua hicho – kinakaribiana mno na Kiha – nikabadilisha mwenyewe maneno yanayopishana kabla hayajasomwa. Nimemtumia mama, kijijini Heru Juu. Kasema huyo anayeongea ni mtu wa huku huku.

Ijumaa, 13 Februari

Kibondo. Aibu – hapana, si aibu, hasira! Kumbe library yenyewe huweka orodha ya lugha juu ya ukurasa, kila lugha na bendera yake. Kwenye kisimu changu orodha ilijificha. Projekta ilipoumulika ukurasa kwenye ukuta wa ofisi ya ushirika, mbele ya kamati nzima: bendera ya Burundi, kubwa kama shuka!

Mwenyekiti Stanislaus akauliza nani kaileta hiyo. Mtu nyuma akajibu, si binti wa wale wakimbizi wa Heru Juu. Babu ndiye aliyekimbia kutoka Burundi. Mimi nimezaliwa huku, kitambulisho cha taifa ninacho.

Mwenyekiti kaamua: nitoe sauti yote, kibaki Kiswahili cha kusoma. La sivyo mkutano mkuu wa Jumatano utaukataa ukurasa wangu.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya ibada kaka Fidele kanisihi. Itoe hiyo sauti, Dorcas, uraia wenyewe tumeupata juzi, usituletee maneno. Nampenda Fidele. Lakini yeye ameinama tangu utotoni, mimi nimechoka kuinama.

Nimesoma maelezo ya library hadi mwisho. Bendera huzimwa kwa neno moja. Nimezizima zote. Jina la lugha unaandika upendavyo. Nimeandika Kiha. Sauti siitoi ng'o!

Jumatano, 18 Februari

Kibondo, ukumbini. Naandika mkutano ukiendelea. Nimewaonyesha kwamba bendera haipo. Stanislaus kasema bendera si hoja tena, hoja ni aliyetengeneza. Afadhali kaisema wazi.

Mama Esteri, mkulima wa siku nyingi, Muha wa Kibondo hapa hapa, kasimama na simu yake. Kabonyeza. Mvua kubwa leo alasiri, sauti ikasema. "Ego, ndiyo! Huyu namsikia," kasema. "Maharage yangu yako nje kwenye turubai, nyie mnabishana bendera?" Watu wakacheka.

Stanislaus hakucheka. Kanigeukia: binti, sema mbele za watu, kwenu wapi? Heru Juu, nimesema. Na kabla ya hapo? Hakuna kabla ya hapo, mimi nimeanzia hapo!

Wameniambia nikae, wapige kura: ukurasa ubaki na sauti yake au ukataliwe. Sikai. Naandika nimesimama. Mikono ya kwanza inainuka –