Jicho la Jenerali

Keelung, 3 Novemba

Dada Suyue mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila goti langu linatabiri mvua, na hapa Keelung kutabiri mvua si kipaji. Masikio yako je, bado yamesusia simu? Hamna neno, kalamu ninayo.

Nimepata mwana. Usishtuke, ni mjusi. Peiling, binti wa jirani, ameolewa, na bwana harusi, pande la mtu, akimwona mjusi anapanda juu ya kiti. Basi nimerithi mimi. Ana madoa kama gwanda la jeshi, ndiyo maana anaitwa Jenerali. Sanduku lake la kioo nimeliweka chini ya madhabahu ya marehemu Mama, apate joto la zile taa nyekundu.

Shida ni jicho la kushoto. Amelifumba kama anayelenga bunduki, na shabaha hana: akimrukia nyenje, anang'ata hewa. Sasa hata kujaribu ameacha. Nyenje mmoja ametorokea nyuma ya jokofu, anaimba.

Mdogo wako,
Zongming

Tainan, 8 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mwanamume mwenye mvi, mke hana, mjusi anaye! Tena umemweka miguuni pa Mama, aliyekuwa akiwafukuza mijusi nyumba nzima kwa kandambili!

Lakini kiumbe akishaingia kwako ni mgeni wako. Mpeleke kwa daktari, na usithubutu kumtia chai jichoni kama ulivyomfanyia yule bata wetu.

Dada yako,
Suyue

Keelung, 16 Novemba

Dada,

Shikamoo. Goti halijambo, mwenye jambo ni mimi. Chai nilikuwa nimeshamtia kabla barua yako haijafika. Daktari Qiu, mama mkali mwenye mikono myepesi, amenisema nikasemeka. Alimtoa Jenerali kipande cha ngozi kilichonasa chini ya kope alipojivua gamba, akanipa dawa ya matone. Kisha akamnusa.

“Mzee, huyu mjusi unamfugia hekaluni?”

“Nyumbani kwangu, Daktari.”

“Mbona ananuka udi?”

Nikamweleza: udi asubuhi, udi jioni, ndicho chakula cha Mama huko aliko.

“Katika moshi hilo jicho haliponi. Asipoona hawezi kula, na asipokula unajua mwisho wake. Uchague.”

Chumba changu unakijua. Nikimhamisha, ni bafuni, na huko atakufa kwa baridi. Nikifungua dirisha, mvua inaingia kulala. Nikaona nimuulize Mama mwenyewe. Nikarusha vile vibao viwili vya kuulizia wafu: Mama, nisimamishe udi kwa muda? Badala ya kuanguka kimoja chali na kimoja kifudifudi, nijue amekubali, vikaanguka vyote chali. Anacheka! Nikarudia. Anacheka.

Mkia wa Jenerali, ndio ghala lake la mafuta, umebaki kama kamba ya kiatu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Zongming

Tainan, 21 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hustahili. Nilikuwa nimekuandikia kwamba Mama asikose udi hata siku moja, nimeshafunga na bahasha. Shemeji yako akaniuliza, “Hivi mama yenu aliwahi kula kukiwa na mgonjwa ndani?” Nikaifungua bahasha.

Wewe unamuuliza vibaya. Unamwambia, “Mama, nikunyime?” Nani asicheke? Muulize anataka nini badala yake. Na upige magoti sawasawa, hilo goti lisiwe kisingizio.

Dada yako,
Suyue

Keelung, 6 Desemba

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Nilipiga magoti yote mawili. Nikamtajia maua: akacheka. Chai ya milimani: akacheka. Keki za nanasi: vibao vyote kifudifudi, hataki kabisa, anajua nani angezila. Nikaishiwa. Nikasema tu kwa kuchoka, “Basi Mama, nikusomee barua za Suyue?”

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Nikarusha tena, ndiyo. Nikarusha tena, ndiyo!

Tangu hapo udi umelala, namsomea barua zako asubuhi na jioni. Na jana, Dada, jicho limefunguka! Limeng'aa kama punje ya shanga. Alimkazia macho nyenje, macho MAWILI, akatikisa ncha ya mkia, akaruka. Hakukosa. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Daktari anasema tuvumilie bila moshi mpaka mwaka mpya.

Ila barua zako zimeniishia. Jana nilirudia ile ya bei ya vitunguu, vibao vikaniambia la. Andika upesi.

Mdogo wako,
Zongming

Tainan, 11 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko uliko hakuna baridi, na kwamba Zongming anasoma kwa sauti, hamung'unyi maneno. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameshindwa tena mtihani wa udereva. Safari hii amegonga ukuta wa shule yenyewe ya udereva. Nimefurahi mgonjwa wenu anakula.

Sikujua unapenda habari zangu. Ulipokuwa nasi ulikuwa ukisema mdomo wangu haujui kupumzika. Sasa umeyataka mwenyewe. Nitaanza na harusi ya Lihua, maana najua hakuna aliyekwambia kwa nini bibi harusi alifika amevaa viatu vya baba yake.

Zongming, geuza ukurasa.

Binti yako,
Suyue