Kengele Kwenye Ukungu

Ganako, Jumamosi, Julai 1986

Ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujaondoka. Kichwa changu nacho ni hivyo hivyo.

Mchana tulikwenda ukumbi wa parokia kutazama video ya binti mmoja wa Dar es Salaam anayesomea sanaa. Nieleze: video ni kama sinema, ila sauti yake inaweza kufutwa ikawekwa nyingine, picha ikabaki ileile. Alituonyesha ng'ombe wa Wamasai wakiteremka kwenye kreta, lile bonde la volkano. Kwanza tulisikia mvua. Nikamwambia mke wangu, ukumbi mzima ukisikia, "Tazama ndama yule amelowa, anatetemeka."

Mara ya pili walisikika wanawake wakilia. Mama Paskalina, jirani yetu mjane, akafuta macho. "Maskini, hawa wanahama!"

Mara ya tatu, kimya. Ng'ombe wakavu, jua kali, wanakwenda zao tu.

Picha ilikuwa moja.

"Mwalimu," Baba Safari akaniita kutoka nyuma, "ndama wako wa homa amepona?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilicheka pia, ila swali lake lilinichoma.

Maana Baba Safari ndiye ninayetakiwa kutoa ushahidi dhidi yake kesho. Wiki iliyopita, alfajiri, ng'ombe aliingia shambani kwa Mama Paskalina akala mahindi yaliyokuwa yakingoja kuvunwa. Niliwaambia wazee kwamba nilimwona: ng'ombe mwekundu wa Baba Safari. Mwenyewe anakana. Kesho baada ya ibada nitarudia maneno hayo kikaoni, na wakiniamini atamlipa Mama Paskalina mtamba.

Kulikuwa na ukungu kama huu. Kengele niliisikia, hilo sina shaka. Huku kila mtu anaijua kengele ya ng'ombe wa jirani yake, na ile ya Baba Safari ilifuliwa kwa jembe la zamani, inagonga kwa ukali wa peke yake. Lakini ng'ombe wake hupita barabarani kila alfajiri kwenda kunywa maji. Je, kama kengele ilikuwa barabarani, na shambani alikuwemo ng'ombe mwingine?

Ule wekundu niliuona kweli?

Nimemweleza mke wangu, anapepeta maharage. "Basi sema ulichokiona."

"Ndicho nisichokijua."

"Na Mama Paskalina atakula nini?"

Nimefumba macho nikajaribu kuifuta kengele. Kinabaki kitu kikubwa kinatafuna mahindi, hakina rangi. Hicho tu ndicho nitakachowaambia wazee.

Mama Paskalina atakuwa ameketi mbele yangu. Sijui nitatazama wapi.