Mama, Zamu Hii Kamera Ushike Wewe

Mama,

Wali uko tayari. Adobo ya kuku iko kwenye friji, ipashe moto. Usimpigie Kaka Nestor kazini, amenuna.

Asubuhi watu wa uhamiaji wameandika: kabla hawajaamua kama Maricel aje huku Winnipeg kwa Kaka, mumewe, wanataka picha za maharusi wakiwa wawili tu. Tumepekua zote. Kanisani, umekaa katikati. Kwenye keki, katikati. Hata fungate, Mama, fungate! Umewashika mikono wote wawili.

Kaka akasema, "Watadhani nimemwoa mama yangu, na Maricel ndiye msimamizi!" Nikacheka, akasusa kahawa yake.

~~Ukimwona, mwombe radhi.~~ Usimwombe, utaanza kulia, naye atalia, na mimi nina mtihani kesho.

Hatimaye nimepata moja. Wako wawili ufukweni, wameegemeana, wanacheka mpaka machozi. Kwa mbali nyuma yao unaonekana wewe ukikimbia, kiatu mkononi, ukiwapungia wakungoje. Nimeituma hivyo hivyo. Sasa tusubiri.

Maricel akitua uwanja wa ndege, kamera utashika wewe.

Kitindamimba wako