Maelezo kuhusu Kitabu cha Ukaguzi na Kifo cha Odongo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Walter Wechuli. Umri: miaka 23. Kazi: msaidizi wa mitambo, kiwanda cha barafu, Mamboleo. Makazi: Migosi. Elimu: kidato cha pili, muhula mmoja.

Kwanza iandikwe kwamba Kisumu nzima hakuna mkono kama wangu. Naweza kutia sahihi ya mtu yeyote kabla chai haijapoa, na mwenyewe akionyeshwa ataapa ni yake. Hata yako, Afande, nimeshaiona hapo mezani, ni rahisi. Afande ameniambia niendelee na yaliyonileta.

Kwetu kiwandani kuna kitabu cha ukaguzi. Kila asubuhi mmoja wetu anazunguka mabomba ya amonia, ile gesi ya kugandisha barafu, halafu anaandika kama kuna kasoro. Supavaiza wetu, Bwana Ndung'u, aliweka sheria yake ya utani: anayeandika kasoro anapikia watu wote chai wiki nzima, na anaitwa Mama Chai hata kama ana ndevu. Tulicheka sana. Kwa miaka miwili kitabu hakikuwa na kasoro. Mabomba yalikuwa nazo. Kila Jumatatu tuliandika "sawa" za wiki nzima, mpaka ya Jumamosi, na mimi ndiye niliwatilia wenzangu sahihi. Walinisifu.

Januari mwaka huu aliajiriwa Emmaculate Nakhungu. Siku ya pili akaandika kasoro. Akapika chai. Akaandika tena. Wiki saba alipika chai huyo dada. Nilikuwa namwambia, "Mama Chai, sukari haijafika." Yeye anasema, "Sukari utaongeza mwenyewe, Walter. Bomba nani atafunga?" Bwana Ndung'u alikuwa anacheka na sisi.

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, saa moja na robo asubuhi, Emmaculate alisikia harufu ya gesi chumba namba mbili. Aliandika: "Inavuja. Mtu asiingie." Akamwambia Bwana Ndung'u, naye akasema hiyo harufu ni ya kila siku, apande lori la barafu la Asembo Bay, wavuvi wanangoja. Lori liliondoka saa mbili kasorobo.

Saa tatu na dakika ishirini Odongo, mpakiaji, aliingia chumba namba mbili bila kifuniko cha pua. Valvu ilifyatuka. Tulimtoa kwa kamba. Alifia njiani kwenda hospitali. Ana watoto wawili, wa pili hajaanza kutembea.

Mlipokuja mlikuta kitabu kimeandikwa "sawa", na sahihi ya Emmaculate chini. Ndiyo sababu yuko seli tangu juzi. Bwana Ndung'u amewaambia msichana ni mzembe. Wenzangu wote wamesema hivyo hivyo. Mimi pia nilisema hivyo, juzi, hapa hapa.

Sahihi hiyo ni yangu. Lori lilipotoka nilichana ukurasa wake, nikaandika mwingine kwa mkono wake. Hakuna aliyenituma. Nilimwonea huruma, nikataka apumzike chai hata wiki moja. Karatasi yake niliwashia jiko.

Nilidhani hakuna mtu anasoma kile kitabu. Sisi hatukuwahi. Lakini Odongo alikuwa ameanza kukisoma tangu Emmaculate aje. Siku hiyo alisimama mezani, akaweka kidole kwenye ule mstari, akasema, "Kama ni Emmaculate ameandika sawa, basi ni sawa." Akaacha kifuniko chake cha pua juu ya kitabu.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na kikombe mkononi. Nilimsikia vizuri. Watu wote walikuwa pale. Ningefungua mdomo, ningepika chai mimi.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, na ni kweli.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maandishi ya afisa: Shahidi anajua kusoma na kuandika. Alipopewa kalamu alikataa kutia sahihi, akaomba wino wa kidole. Nimemwonya kwamba kuanzia sasa si shahidi tena. Amesema anajua, akauliza kama Emmaculate Nakhungu anaweza kusomewa maelezo haya leo.

Sajini Agneta Wakhisi, 14 Machi 2025, saa tano na nusu asubuhi.