Jicho la Pius na Alama za Rangi Uwanjani

Zambia, kwenye migodi ya shaba
1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu hauna ugonjwa, roho ndiyo imechoka. Kifua chako kinaendeleaje na upepo huo wa ziwani hapo Karema? Baba je, mgongo umepoa?

Nimesikia watu wa meli wamewaambia nyie kwamba Pius alipigwa huku kwa sababu ya wizi. Mama, mdogo wangu hajaiba kitu. Aliumia kazini, na jicho lake la kushoto halioni tena. Dada Teodora akusomee polepole, nikueleze ilivyokuwa.

Unajua sisi wawili tunatunza uwanja wa gofu. Ni mchezo wa kupiga kwa fimbo mpira mdogo, mgumu kama jiwe, mpaka uingie shimoni. Pa kuanzia huwekwa alama za mbao zilizopakwa rangi. Nyeupe ziko nyuma kabisa, za hodari wanaopiga mbali. Mbele yake ziko njano, za wanaume walio wengi. Nyekundu ziko mbele zaidi, ndipo huanzia wanawake. Kila mtu aanzie panapolingana na nguvu zake. Kazi ya Pius ilikuwa kuzihamisha ili majani yasife kwa kukanyagwa sehemu moja.

Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa anachomeka nyekundu. Akaja karani mmoja wa mgodi na wageni wake. Siku zote huyo bwana huanzia njano, na ukiwa njano unaona mbele yote. Safari hii akarudi nyuma penye nyeupe, ambako kichuguu kinamficha mtu aliye mbele. Akapiga. Mpira ukapinda, ukapita pembeni ya kichuguu. Wageni, waliosimama pembeni wakimwona Pius, wakapaza sauti kutahadharisha, Pius akageuka atazame kuna nini. Ukampata jichoni hapohapo.

Daktari alijitahidi, ikashindikana. Yule karani alikuja hospitali kila jioni, anakaa tu kando ya kitanda. Mwisho Pius akamuuliza, "Ulianzia rangi gani?"

"Nyeupe."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka wageni wanione. Mimi si mtu wa nyeupe."

Pius akageukia ukutani. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa karani ametoa gari lake atupeleke bandari ya Mpulungu kwenye meli. Nilimuuliza Pius kama atakubali kupanda. Akasema, "Mwambie asikimbize gari."

Basi anakuja kwa meli inayofuata hii iliyoleta barua. Mimi nitamfikisha bandarini, nirudi kazini. Anaogopa, Mama. Ananiuliza kila mara, "Mama ataniangaliaje?"

Nisalimie Baba, dada Teodora anayekusomea, shangazi Monika aliyembeba Pius mgongoni, na katekista wetu atuombee.

Akishuka, usimjie upande wa kushoto, anashtuka. Pita kulia, umwite jina kwanza.

Mwanao,
Leonsi