Leso Iliyopimwa kwenye Mizani

Ganjoni, Mombasa

Mama mpendwa,

Je, goti lako linakubali sasa kuipanda ile njia ya kanisani, au baridi ya Wundanyi bado inalishika? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa.

Nina jambo ambalo halijanitoka moyoni. Wodini kwetu tunaijaribu mashine mpya ya kusafisha damu ya watoto wachanga ambao figo zao zimegoma. Zile za watu wazima hutaka damu nyingi kuliko aliyo nayo mtoto. Hii ni ndogo kama redio ya Baba. Tulimwekea mtoto wa siku kumi na moja, aliyevimba hadi macho hayaonekani. Wazazi waliambiwa wazi kwamba ni majaribio, wakakubali. Nilimkumbuka ndugu yangu Mwakio, uliyemzika akiwa amevimba vivyo hivyo, nikaenda kulia chooni.

Siku ya tano daktari aliizima mashine, tuone kama figo zitafanya kazi zenyewe. Ikawa ni kungoja mkojo tu. Kila nepi tuliipima kwenye mizani, na kila nepi ilikuwa kavu.

Bibi yake mtoto, mtu wa Mji wa Kale, hazipendi nepi za plastiki. Nilipotoka kidogo, alimvua, akampakata ndani ya leso kama alivyowalea wanawe. Niliporudi, mtoto yu kitandani na bibi yuko kwenye mfereji wa maji, leso mkononi.

"Amenikojolea," akasema. "Niwate niifue, mwanangu, adhuhuri yaja."

Nilimpokonya leso, Mama, mimi uliyenifunza adabu.

Daktari akauliza tutajuaje uzito wake ilipokuwa kavu. Bibi akamtazama kwa huruma.

"Leso huuzwa mbili, mwanangu. Mwenziwe hii hapa." Akaitoa mkobani.

Tukazipima zote mbili. Tofauti yake ilikuwa maji ya vijiko viwili vya chai. Daktari alinung'unika kwamba hicho si kipimo cha kitabuni, kisha akaketi akafuta macho. Nami niliyesomea figo miaka yote hiyo nilibaki naitazama mizani.

Bibi alikwenda kujitwaharisha, akaswali. Aliporudi aliniuliza kama leso yake imekauka. Nikamwambia bado.

"Na isikauke," akasema.

Tangu hapo nepi zinalowa, na macho ya mtoto yamefunguka.

Nisalimie Baba, shangazi anayeuza maziwa, na dada yangu Mghoi na mimba yake. Na ukipita kaburini kwa Mwakio, mwambie kuna mtoto huku Mombasa amekojoa.

Ni mimi bintiyo,
Wakesho