Kivuli Kilichoanguka Kaburini kwa Bashiri

Ipagala,
Dodoma.
30 Mei, 2025.

Mpendwa mwanangu Mwantum,

Asalaam aleikum. Marahaba kwa shikamoo yako. Nimeipokea, ingawa safari hii uliiweka mwishoni kabisa mwa ujumbe, baada ya maswali. Vipi afya yako? Kile kikohozi cha baridi ya Ankara kimekwisha? Wenzako mnaokaa nao hawajambo? Sisi huku wazima. Mama yako Swaumu anakula, analala, anaswali. Mimi goti ndilo linalosema. Mengine yote mwilini yamenyamaza. Naamka, nakaa barazani, jua linazama. Juzi nimegundua kwamba nimetia chumvi kwenye chai, na kikombe kilikuwa kimeshafika nusu.

Umeniuliza kama baba yako, mdogo wangu Bashiri, amelazwa akielekea kibla. Umesikia kwenye kundi la familia kwamba watu walibishana kaburini, na umeandika kwamba kama ameelekea kwingine utaacha mitihani, upande ndege, uje umgeuze mwenyewe. Sikutaka kujibu kwa simu. Kwa simu ningesema yuko sawa, nawe ungejua kwamba baba mkubwa anakutuliza tu. Nimesubiri hadi nipime.

Kwanza huo ubishi. Kama unavyojua, kwetu huku Makka iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo, kiasi cha nyuzi nane. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Siku ile ya mazishi, Aprili, pale makaburini Ihumwa, mawingu yalikuwa yamefunga tangu alfajiri, jua halikuonekana. Kaka yako Msafiri akatoa simu yake akasema kibla ni huku. Bwana mmoja wa msikitini akatoa yake akasema, "Hapana kijana, ni huku." Wakati huo jirani yetu Castory, yule fundi mwashi, alikuwa shimoni, udongo umemfika kiunoni.

"Jamani," akasema, "mimi ni Mkatoliki, lakini nawaomba Waislamu mkubaliane kabla sijakuta maji."

"Chimba wewe, Castory!"

"Nichimbe kuelekea simu ya nani?"

Wakanigeukia mimi, mwalimu wa hesabu. Nilitazama juu. Hapakuwa na jua. Nikawaambia sina la kupimia, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Wakafuata simu ya Msafiri. Baadaye nilikumbuka kwamba Msafiri alisoma dira ile akiwa ameegemea toroli la chuma lililojaa sululu na makoleo. Dira ya simu ni sumaku, mwanangu. Ukiisogeza kwenye chuma inakifuata chuma.

Bila shaka unamkumbuka Al-Biruni, yule mwanahesabu niliyekusimulia habari zake ukiwa kidato cha pili. Alizaliwa Khwarazmi, huko Asia ya Kati, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nchi yake ilipotekwa, sultani alimchukua hadi Ghazna, mji ambao leo uko Afghanistan. Akiwa huko ugenini alikaa kukokotoa kibla cha mji ule: alitafuta latitudo, akakadiria umbali kati ya mji na mji, kisha akatumia trigonometria ya tufe, kwa sababu dunia ni duara na mstari wa kwenda Makka hauchorwi kama kwenye ubao. Ukubwa wa dunia aliupata kwa kupima kimo cha mlima na jinsi upeo wa macho unavyoinama, na jibu lake liko karibu sana na la leo.

Inasimuliwa kwamba akiwa mahututi alimwuliza mwanazuoni mmoja aliyekuja kumjulia hali swali la mirathi. Mgeni akashangaa: katika hali hii? Yeye akaona heri aondoke duniani akiwa analijua jibu. Mgeni akamweleza, akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki huku nacheka. Mwezi huu nimekikumbuka bila kucheka, na bila kulia pia.

Sasa vipimo. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua la mchana husimama utosini kabisa mwa Makka. Dakika hiyo, popote linapoonekana, kivuli cha kijiti kilichosimama wima kinakuwa kimeipa Makka mgongo. Huhitaji simu wala jedwali. Juzi tarehe 28 ndiyo ilikuwa siku yenyewe, saa sita na dakika kumi na nane.

Tulikwenda Ihumwa mimi, Msafiri, Castory, na mama yako, ambaye sheikh alimpa ruhusa ya kutoka mchana ingawa yumo edani. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Castory alisimamisha kijiti kando ya kaburi kwa uzi wa timazi ili kiwe wima kabisa, kisha akavuta kamba kutoka kichwani hadi miguuni, akapiga kona ya pembe mraba kwa vipimo vya tatu, nne, tano, ionyeshe uso wa baba yako ulikoelekea. Nilimweleza habari za Pitagorasi, na kwamba watu wa Babeli walizijua namba hizo kabla yake. Akaniuliza kama huyo Pitagorasi aliwahi kujenga hata choo.

Saa ilipofika nilipiga magoti nikapima. Nakuambia ukweli, kama ulivyotaka: kivuli hakikulala sawasawa na kona. Kimepishana nayo kwa nyuzi nne. Baba yako ameelekea mashariki ya Makka kidogo.

Msafiri aliinamisha kichwa. Castory akatazama kamba, akatazama kivuli. "Nyuzi nne tu? Mwalimu, hakuna nyumba niliyojenga Ipagala yenye kona nzuri namna hii."

Mama yako akasema, "Mwacheni. Miaka yote hiyo kitandani hakulala sawasawa hata siku moja." Wakacheka wote watatu. Mimi niliendelea kutazama kivuli mpaka kikahama.

Nilimpelekea sheikh vipimo. Amesema kinachotakiwa ni upande, na upande ameupata, kaburi lisiguswe. Nami naongeza la kwangu: misikiti mingi ya kale, iliyojengwa na watu wacha Mungu kuliko sisi, imepishana na hesabu kwa zaidi ya hapo, na watu wameswali ndani yake karne kwa karne. Kwa hiyo usije. Hakuna wa kumgeuza.

Fanya mitihani yako. Sophie Germain wa Ufaransa, wazazi wake walimnyang'anya mishumaa ili asisome hesabu usiku. Akaificha mingine, akajifunika mablanketi akasoma. Kazi yake juu ya namba tasa, na juu ya jinsi bamba la chuma linavyotikisika, inasomwa hadi leo. Wewe baba yako, aliyeishia darasa la saba, alikuwekea taa ya sola chumbani kwako, yeye akala chakula chake gizani.

Tarehe 16 Julai jua litarudi juu ya Makka, saa sita na dakika ishirini na saba mchana. Saa ya Ankara na ya Dodoma ni moja, huna haja ya kujumlisha kitu. Simamisha penseli juani. Kivuli chako kitaanguka kaskazini, cha kwetu kitaanguka kusini, na ukiirudisha mistari yote miwili nyuma itakutana mahali pamoja. Siku ya mazishi hukuwahi. Siku hiyo mimi nitakuwa Ihumwa na kijiti changu, kando yake, nawe simama hapo ulipo, tumsomee Fatiha pamoja. Huenda hapo nikaweza kulia.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Msafiri anakusalimu, bado anaona haya. Castory naye anakusalimu. Tumeingia mfungo tatu. Mungu akufikishe Idi ukiwa mzima, akupe moyo wa kushika kalamu.

Wako akupendaye siku zote,
Baba yako mkubwa,
Ibrahimu